Vipimo vya damu na mustakabali wa figo: PLA2R, dsDNA, ANCA na wenzake. Kipi kinatabiri kweli?

#1 Kichujio (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wenye magonjwa ya figo yanayoletwa na kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe, pamoja na wanaowauguza. Figo za kisukari na za presha zina nyuzi zake, tusizichanganye hapa. Nazungumzia nefropathi ya membrani (humu tutaiita membrani tu), nefropathi ya IgA, figo za lupasi, vaskulitisi ya ANCA (uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaoendana na ANCA, kingamwili zinazoshambulia seli nyeupe za damu) na jamaa zao.

Kila baada ya muda inatoka habari ya "kiashiria kipya cha damu" kitakachosema nani ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu na nani ataishi na figo zake hadi uzeeni. Watu wanasambaza, wanafurahi, halafu ukienda kliniki unakuta wanaangalia vilevile kreatinini, presha na protini ya mkojo. Mimi nina membrani. Nimesoma sana, nimewasumbua madaktari sana, na msimamo wangu ni huu: kipimo cha damu kinachostahili kuaminiwa katika kutabiri ni kile kinachopima kitu kinacholeta ugonjwa wenyewe. Vile vinavyopima uvimbe wa mwilini kwa ujumla vina sifa nyingi kuliko kazi. Anayebisha abishe, ndiyo maana nimeleta hapa.

Kwanza kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Tatizo lake inachelewa. Figo zina akiba kubwa, unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja na karatasi bado ikasoma "kawaida", hasa ukiwa na misuli midogo. Ndiyo maana wanakokotoa eGFR, makadirio ya uwezo wa figo kuchuja, kwa kuingiza umri na jinsia, na fomula inayotumika sana siku hizi ni CKD-EPI ya 2021. Sistatini C, protini nyingine ya damu inayochujwa na figo, inasaidia kwa sababu haitegemei misuli, lakini sisi tunaomeza steroidi tukumbuke kwamba steroidi zenyewe zinaipandisha. Mtu anaona sistatini imepanda anakosa usingizi, kumbe ni prednisoloni.

Sasa membrani, ambayo ndiyo mfano wangu mkubwa. Mwaka 2009 kundi la Laurence Beck na David Salant kule Boston lilionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya wenye membrani ya msingi, yaani ile isiyoletwa na saratani, homa ya ini au dawa, wana kingamwili inayoshambulia protini inayoitwa PLA2R iliyoko kwenye podositi. Mwaka 2014 ikapatikana nyingine, THSD7A, ya wagonjwa wachache. Kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa hivi: theluthi moja yenu mtapona wenyewe, theluthi mtabaki na protini kwenye mkojo, theluthi figo zitakufa. Wewe ni wa theluthi ipi? Tusubiri tuone. Unasubiri miezi, miguu imejaa maji, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Leo PLA2R ikiwa juu na inazidi kupanda, uwezekano wa kupona bila dawa nzito ni mdogo. Ikiwa chini na inashuka yenyewe, daktari ana sababu ya kukuacha kwanza na dawa za presha na za kupunguza maji. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba inashuka miezi kadhaa kabla ya protini ya mkojo. Nilipopewa rituksimabu, dawa inayoondoa seli B ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, mkojo wangu uliendelea kutoa povu kama sabuni ya kufulia, nikawa nashinikiza nibadilishiwe dawa. Daktari akanionyesha PLA2R imekwisha kushuka hadi hasi, akakataa kugusa chochote. Protini ilikuja kufuata taratibu. Bila ile karatasi ningekuwa nimeongezewa dawa ya pili juu ya dawa iliyokuwa tayari imefanya kazi.

Haya, karibuni.

#2 Jongoo Mpole

Nimekaa viti vya mbele. Ila mkuu shusha lugha kidogo, podositi ndio kitu gani?

#3 Kichujio

Jongoo, kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, kila kimoja ni kishada cha mishipa myembamba ya damu. Podositi ni seli zinazoikumbatia mishipa hiyo kwa nje. Zina vijimguu vinavyopishana, na kati ya kijimguu na kijimguu kuna upenyo mwembamba mno unaopitisha maji na chumvi lakini unazuia albumini, protini kuu ya damu. Kwenye membrani, kingamwili zinajikusanya chini ya vijimguu hivyo, mfumo wa komplementi (protini za damu zinazosaidia kinga kushambulia) unawashwa hapohapo, vijimguu vinalainika na kutandazika, na albumini inapita. Povu unaloliona chooni ndiyo hiyo.

#4 Mama Swaiba

Asante kwa uzi mkuu, ila naomba nianze kubisha mapema.

Mimi ni wa lupasi, figo ziliguswa, biopsia (kipande cha figo kinachotolewa kwa sindano na kuchunguzwa) ilisema daraja la nne. Umesema kipimo kinachopima sababu ya ugonjwa ndicho cha kuaminika. Anti-dsDNA, kingamwili zinazoshambulia DNA yetu wenyewe, si ndiyo sababu yenyewe? Zinakutwa hadi ndani ya figo. Mbona yangu iko juu miaka na mkojo ni safi, eGFR haijatikisika? Na kuna dada tuliyelazwa naye wodi moja, dsDNA yake ilikuwa hasi kabisa lakini figo zilikuwa zinaporomoka. Hiyo kanuni yako kwetu inavunjika.

Kila nikipata majibu yenye mshale wa juu nyumba nzima wanapanik, naanza kuulizwa kama naandaliwa dayalisisi.

#5 Maabara Usiku

Naomba niingie hapa maana hivi vipimo ndivyo ninavyovifanya.

Mama Swaiba, swali la kwanza kwako: dsDNA yako imepimwa kwa njia gani? Watu wengi hawajui kwamba kuna njia tofauti na hazipimi kitu kilekile. ELISA inakamata kingamwili za kila aina, hata zile zinazoshika DNA kwa ulegevu, kwa hiyo inatoa chanya nyingi. Njia ya Crithidia inatumia kijidudu cha seli moja, Crithidia luciliae, chenye kifundo kimoja kilichojaa DNA tupu yenye nyuzi mbili. Tunaweka seramu (majimaji ya damu) ya mgonjwa juu ya kioo, tunaongeza rangi inayong'aa, tunaangalia kwa hadubini gizani. Kile kifundo kikiwaka kijani, mgonjwa ni chanya. Njia hii inakosa baadhi ya wagonjwa, lakini ikisema chanya tunaiamini zaidi. Kuna na njia ya Farr ya mionzi, inayopima kingamwili zinazoshika kwa nguvu, hiyo maabara nyingi zimeshaiacha.

Sasa mtu anapima maabara hii kwa ELISA, mwezi unaofuata anapima kule kwa njia nyingine, anaweka namba mbili pamoja na kusema "imepanda mara tatu". Haijapanda kitu. Ni kama umepima urefu kwa futi na mita ukasahau kusema. Kama unataka mwelekeo, baki na maabara moja na njia moja.

Hilo linahusu PLA2R pia. Nawaeleza inavyokuwa mezani: sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kisima chini kimepakwa protini ya PLA2R. Seramu yako tunaizimua mara mia, tunaitia, kingamwili zako zikiwepo zinang'ang'ania. Tunaosha. Tunatia kingamwili ya pili yenye kimeng'enya. Tunaosha tena. Kisha dawa ya rangi: kisima kinageuka buluu, tukitia asidi kinakuwa njano, na mashine inasoma ukali wa njano hiyo. Kwenye kipimo kinachotumika sana chini ya 14 ni hasi, juu ya 20 ni chanya, kati ya hapo ni eneo la mashaka. Mtu aliyetoka 19 kwenda 21 ananipigia kelele dirishani kwamba amegeuka chanya. Kosa dogo la kuosha visima linaweza kuleta tofauti hiyo. Aliyetoka 180 kwenda 30, huyo ndiye ana habari.

Na kwa wa lupasi kuhusu C3 na C4, ambazo ni protini za komplementi. Ugonjwa ukiwaka zinatumika na kushuka, sawa. Lakini C3 inatengenezwa kwenye ini na inapanda mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwingine, kwa hiyo "kawaida" inaweza kuficha kinachoendelea. C4 nayo inategemea una nakala ngapi za jeni zake: kuna watu wamezaliwa na nakala chache, C4 yao iko chini maisha yote na hawaumwi chochote.

#6 Mama Swaiba

Hapo kwenye C4 umenitoa tongotongo. Yangu haijawahi kupanda hata siku moja, hata wakati niko vizuri kabisa.

Njia ya dsDNA sijui, karatasi haisemi. Nitauliza.

#7 Kichujio

Maabara Usiku, umeuheshimisha uzi.

Mama Swaiba, hoja yako ninaikubali kwa sehemu. Madaktari wa lupasi wana jina la watu kama wewe: damu inapiga kelele, mwili umetulia. Hawapewi dawa kwa sababu ya damu peke yake, wanafuatiliwa kwa karibu zaidi. Nadhani tofauti na PLA2R ni kwamba membrani ina shabaha moja na njia moja, wakati lupasi ina kingamwili chungu nzima na si kila dsDNA inadhuru figo. Wengine wanaongeza anti-C1q, kingamwili inayoshambulia protini moja ya komplementi, kwa sababu hiyo inaendana zaidi na figo kuwaka, na dsDNA ikipanda pamoja na C3 kushuka na anti-C1q ikiwepo picha inakuwa nzito. Ila hata hapo, inatabiri kuwaka. Kutabiri miaka kumi ijayo figo itakuwa wapi ni kitu kingine.

Kwa swali hilo la miaka kumi, kwa lupasi, kilichojitokeza tena na tena ni cha mkojo. Walipochambua upya wagonjwa wa utafiti wa Euro-Lupus, kilichotabiri vizuri hali ya figo miaka mingi baadaye ni protini kushuka chini ya takriban gramu 0.8 kwa siku ifikapo mwezi wa kumi na mbili wa matibabu. Kuongeza kreatinini hakukusaidia sana, na damu kwenye mkojo ndiyo ilikuwa inaharibu hesabu.

#8 Takwimu Tu

Mwanzisha uzi, unaandika vizuri lakini umejichimbia shimo. Post #1 unasema damu inayopima sababu ndiyo mwisho wa maneno, post #7 unasema kinachotabiri ni mkojo. Chagua.

Mimi kazi yangu ni namba, si tiba, kwa hiyo nitasema la upande wangu. Wengi humu mnachanganya vitu viwili: kiashiria kuhusiana na ugonjwa, na kiashiria kuutabiri. Mtafiti anachukua wagonjwa mia mbili, anaonyesha waliokuwa na kitu X juu figo zao zilikufa zaidi. Vizuri. Swali ninalouliza mimi ni moja tu: daktari ambaye tayari anajua eGFR, protini ya mkojo, presha na majibu ya biopsia, ukimwongezea X, anabadilisha uamuzi kwa wagonjwa wangapi, na je, anabadilisha kwa usahihi? Na hilo lipimwe kwa wagonjwa wengine, wa hospitali nyingine, ambao hawakutumika kutengeneza hesabu. Viashiria vingi vinafia hapo.

Mfano wa IgA. Mwaka 2019 ilitoka zana ya kimataifa ya kukadiria hatari, imetengenezwa na kujaribiwa kwa watu wazima karibu 4,000 kutoka mabara kadhaa. Inakadiria uwezekano wa eGFR kuporomoka kwa nusu au figo kushindwa ndani ya miaka mitano baada ya biopsia. Ndani yake kuna eGFR, presha, protini, umri, dawa anazotumia na alama za Oxford, zinazopima uharibifu kwenye biopsia. Hakuna hata kiashiria kimoja kipya cha damu. Si kwamba waliwachukia watu wa maabara, ila kushinda vitu hivyo vya kawaida ni kazi ngumu.

Halafu kuna mtego ambao karibu hamna anayeusema. Protini nyingi ndogo za damu zinaondolewa na figo. Figo ikidhoofika zinajaa zenyewe kwenye damu. Sasa unapima vipokezi vya TNF au suPAR, protini za damu zinazohusiana na uvimbe, unaona viko juu kwa watu ambao figo zao zitakufa, unashangilia. Huenda umepima eGFR kwa njia ya gharama kubwa tu. suPAR ilitangazwa 2011 kwamba ndiyo sababu ya FSGS, ugonjwa unaoacha makovu kwenye vichujio. Vikundi vingine vikapima, vikakuta inapanda kwenye magonjwa ya figo ya kila aina na hata kwenye maambukizi makali, na haitofautishi FSGS na mengine. Ina uhusiano na figo kudhoofika huko mbele, hilo limeonekana kwa watu wengi, lakini haikuambii mgonjwa huyu apewe dawa gani.

#9 Kichujio

Takwimu Tu, kwenye suPAR tuko pamoja, ndiyo vile nilivyoviita uvimbe wa jumla. Ila PLA2R imepita mtihani wako. Mwongozo wa 2021 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unaruhusu mwenye dalili zote za nefrotiki (protini nyingi mkojoni, albumini ya damu chini, mwili kuvimba) na PLA2R chanya kutofanyiwa biopsia kabisa ili kuthibitisha membrani, na kiwango chake kinaingia kwenye kupanga hatari. Na inabadilisha uamuzi, nimetoa mfano wangu mwenyewe. Niambie kiashiria kingine cha damu cha figo kilichofika hapo.

#10 Takwimu Tu

Mfano wako ni wa mtu mmoja, mkuu. Lakini PLA2R nakuachia, ushahidi wake si haba. Nakataa kuifanya kanuni ya magonjwa yote.

#11 Nahodha wa Zamani

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba.

Mimi ni wa ANCA, aina ya PR3 (aina nyingine ni MPO; majina ni ya protini zinazoshambuliwa). Ilianza puani, ikashuka kwenye mapafu, figo zikafuata. Nataka kumuunga mkono Takwimu Tu kwa ushahidi wa nyumbani kwetu sisi wa ANCA. Hizi kingamwili ziliandikwa mara ya kwanza 1982 huko Australia na zikaunganishwa vizuri na ugonjwa huu 1985. Ni zaidi ya miaka 40 watu wanauliza swali moja: ANCA ikipanda, mgonjwa atarudiwa? Jibu lake hadi leo ni "labda". Wapo wanaopanda na hawarudiwi. Wapo wanaorudiwa ANCA ikiwa hasi. Kinachosema kitu ni aina: sisi wa PR3 tunarudiwa zaidi kuliko wa MPO, na wa MPO mara nyingi wanakutwa figo zikiwa na makovu zaidi.

Ilipotengenezwa alama ya hatari ya figo kwa ugonjwa wetu, ikachapishwa 2018, waliingiza vitu vitatu: asilimia ya vichujio vilivyobaki vizima kwenye biopsia, kiasi cha mirija iliyosinyaa na makovu, na eGFR siku ya kugunduliwa. Kiwango cha ANCA hakimo. Kichujio, hiyo si kingamwili inayoleta ugonjwa? Imekuwaje haimo?

Kuna jaribio moja la Ufaransa, MAINRITSAN2, lililochapishwa 2018. Upande mmoja walipewa rituksimabu kwa ratiba, upande wa pili walipewa pale tu ANCA au seli B ziliporudi. Waliofuata vipimo walichomwa sindano chache zaidi, na kurudiwa hakukutofautiana kiasi cha kuhesabika kitakwimu, ingawa waliorudiwa walikuwa wengi kidogo upande huo. Kwa hiyo kipimo kina kazi ya kuokoa dawa. Unabii hapana.

#12 Kichujio

Marahaba haya, shikamoo mzee wangu.

Swali lako ni zuri na nadhani jibu lake linaokoa kanuni yangu lakini linaipunguza ukubwa. Kingamwili inasema kama moto unawaka. Haisemi nyumba imebaki vyumba vingapi. Kwenye ANCA moto unawaka haraka, mgonjwa anafika hospitali vichujio vingi vimekwisha, kwa hiyo mustakabali wake unaamuliwa na vilivyobaki. Kwenye membrani moto ni wa polepole, unakutwa wakati figo bado nzima, kwa hiyo kujua kama unawaka au umezimika ndiyo habari yote. Ugonjwa wa anti-GBM, ambapo kingamwili zinashambulia utando wa vichujio, ndio mkali kuliko yote: kingamwili ni sababu bila ubishi wowote, lakini ukifika tayari uko kwenye mashine na vichujio karibu vyote vina hilali (seli zilizorundikana kwa umbo la mwezi mwandamo na kukibana kichujio), figo kurudi ni nadra hata kingamwili zikichujwa zote.

#13 Ukoo wa IgA

Hiyo ya moto na vyumba nimeielewa kuliko maelezo yote ya kliniki.

Sisi wa IgA mmetugusa kidogo tu na ndio ugonjwa wa vichujio unaoongoza duniani kati ya yale ya msingi. Tangu Berger na Hinglais wauelezee Paris mwaka 1968 hatujapata PLA2R yetu. IgA ya jumla kwenye damu haisaidii, karibu nusu yetu iko kawaida. Kilicho na maana ni IgA1 iliyopungukiwa sukari ya galaktosi, na kingamwili zinazoishambulia IgA hiyo. Zikishikana zinakwenda kukwama kwenye figo.

Utani wa kisayansi: kwa miaka mingi kipimo cha hiyo IgA mbovu kilitegemea protini iliyotolewa kwenye konokono wa bustani, Helix aspersa, kwa sababu inanasa sehemu iliyokosa galaktosi. Kila kundi la protini ya konokono lilitofautiana na lingine, jibu halikuwa thabiti. Baadaye ikatengenezwa kingamwili maalumu ya KM55, mambo yakatulia kidogo.

Lakini kwangu mimi kikwazo kikubwa ni familia. Ndugu zetu wa damu wanaweza kuwa nayo juu vilevile na hawaumwi kabisa, inarithiwa. Mdogo wangu alipima kwenye utafiti, yake ilikuwa juu na mkojo wake haujawahi kuwa na tone la damu. Sasa hapo kipimo kinatabiri nini? Inabidi kitu cha pili kitokee, hizo kingamwili za kuishambulia, ndipo ugonjwa uanze. Ndiyo maana dawa nyingi mpya zinapiga APRIL na BAFF, vichocheo vinavyolisha seli zinazotengeneza IgA hiyo, na kwenye majaribio hayo IgA mbovu inaposhuka protini inashuka pia. Huenda huko ndiko kipimo kitapata kazi yake, kuonyesha dawa imefika.

Na nyie mnaojifariji na protini ndogo, data za sajili ya Uingereza ya magonjwa adimu ya figo, zilizotoka 2023, ziliwashtua wengi. Waliokuwa na protini ya kati tu, ambayo zamani daktari angekuambia "uko salama", karibu asilimia 30 yao figo zilishindwa ndani ya miaka kumi. Tangu hapo lengo limeshushwa hadi chini ya nusu gramu kwa siku.

#14 FigoSafi_Asili

Wakuu acheni kuhangaika na vipimo, ninayo dawa ya asili inasafisha figo na kushusha kreatinini. Njoo PM.

#15 Maabara Usiku

Mods hebu pitieni hapa.

Kwa wanaosoma kimya kimya: Ubelgiji miaka ya 1990 mwanzoni wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mimea vya kupunguza unene waliishia na figo zilizokufa, kisa mmea wa Aristolochia. Na kwenye membrani kuna aina inayoitwa NELL-1 iliyohusishwa na dawa za kienyeji zenye zebaki na krimu za kujichubua zenye zebaki. Hao PLA2R yao inakuja hasi. Kwa hiyo ukiwa na membrani na PLA2R hasi, mwambie daktari kila unachomeza na kila unachopaka. NELL-1 inaweza pia kuambatana na saratani, kwa hiyo usishangae ukitafutwa uvimbe mwili mzima.

Kuna hasi nyingine ya kuangalia. Mwanzoni mwa ugonjwa figo inaweza kunyonya kingamwili zote kutoka kwenye damu, kipimo kikasoma hasi wakati zimejaa kwenye figo. Biopsia ikipakwa rangi ya PLA2R ndiyo inaumbua. Rudia damu baada ya muda.

#16 Baba Pacha

Samahani kwa kuingilia, mimi mwanangu ana nefrotiki ya utotoni, steroidi zinamtuliza, tukizipunguza uso unavimba tena. Kwa watoto kuna kipimo?

#17 Maabara Usiku

Pole sana Baba Pacha. Kuna anti-nefrini. Nefrini ni protini inayoshona ule upenyo alioueleza Kichujio #3. Utafiti uliochapishwa 2024 uliikuta kwa asilimia 44 ya watu wazima wenye nefrotiki ya aina ya mabadiliko madogo (minimal change), na asilimia 52 ya watoto wenye nefrotiki isiyo na sababu inayojulikana. Ukichukua wale tu ambao ugonjwa unawaka na hawajaanza dawa, inafika asilimia 69 kwa wakubwa na 90 kwa watoto. Inapanda na kushuka na ugonjwa. Ila kuipima si rahisi, njia waliyotumia ni ndefu na maabara nyingi za kawaida hazina. Kwa sasa daktari wa mtoto wako ataendelea na mkojo wa asubuhi, na endelea kuuandika kwenye daftari, hilo lina thamani kuliko unavyodhani.

#18 Baba Pacha

Daftari lipo. Asante sana mkuu.

#19 Takwimu Tu

Kabla sijalala, kuna kipimo kimoja cha damu hamjakitaja na hakipimi moto wala uvimbe. APOL1. Mwaka 2010 iligundulika kwamba aina mbili za jeni hii, G1 na G2, zilizoenea kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Magharibi, zinaongeza hatari ya figo. Zilibaki kwenye damu yetu kwa sababu zinakinga dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale. Mwenye nakala mbili akipata lupasi ya figo ana hatari kubwa zaidi ya kufika kwenye mashine kuliko mwenye moja au asiye nazo. Unapima mara moja maishani, haibadiliki. Hiyo ni utabiri kweli, mkuu Kichujio, na wala si sababu ya lupasi.

#20 Kichujio

Hapo umenifunga goli. Ingawa wengi wenye nakala mbili hawaugui figo kabisa, na hilo ulipaswa kulisema, watu wasije wakaanza kulia baada ya kusoma post yako.

#21 Takwimu Tu

Kweli. Wengi hawaugui. Nimeongeza hapa.

#22 Mama Swaiba

Swali langu la mwisho halafu nawaacha. Niko kwenye mikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga, muda mrefu, protini imeshuka chini kabisa, C3 imepanda. Nilitegemea daktari apunguze dawa, badala yake anataka biopsia ya pili. Damu nzuri, mkojo mzuri, sindano ya mgongoni ya nini? Dada zangu wanasema ananifanyia majaribio.

#23 Kichujio

Dada, hakufanyii majaribio. Wagonjwa wa lupasi waliorudiwa biopsia wakati vipimo vyao vyote vinang'aa, baadhi yao walikutwa bado kuna uvimbe unaowaka ndani. Na wapo wa upande wa pili: protini kidogo inaendelea kuonekana mkojoni, daktari anaongeza dawa, kumbe figo imetulia na kilichobaki ni kovu ambalo dawa hailigusi. Damu haioni kovu. Kuna viashiria vya mkojo vinavyojaribu kuchukua nafasi hiyo, CD163, protini ya seli za uvimbe, ndiyo inayotajwa sana, ila kliniki nyingi bado hazinayo.

Muulize moja kwa moja: ukikuta kumetulia utaniondoa kwenye dawa au utaipunguza? Ukikuta kunawaka utafanya nini? Kama majibu yote mawili hayabadilishi kitu, una haki ya kukataa. Kama yanabadilisha, hiyo sindano ina kazi.

#24 Nahodha wa Zamani

Na muulize kuhusu aspirini na dawa za kuyeyusha damu kama unazo, zinasimamishwa kabla. Siku ile utalala chali masaa kadhaa, nenda na mtu wa kukupigisha stori.

#25 Mama Swaiba

Shikamoo Nahodha, nimekuelewa. Kichujio hayo maswali nimeyanakili kama yalivyo. Kliniki yangu ni wiki ijayo, na ile njia ya dsDNA nitaiuliza hukohuko maabara. Nitaleta mrejesho.